Siku Sita Nairobi Nikitafuta Mbegu ya Uwele

Nimerudi nyumbani Ganze, na simulizi hii nimeiunga kutoka daftari dogo na picha za simu. Nilikwenda Nairobi kwa jambo moja: uwele, ile nafaka ya punje ndogo. Bibi yangu aliulima mpaka alipofariki 1998. Nilipokuwa na miaka saba nilikaa dunguni kwake na kombeo na debe bovu, nikiwinga ndege tangu alfajiri. Leo ukizunguka kijiji kizima kuulizia mbegu ya uwele hupati hata kiganja kimoja. Sote tunalima mahindi, na mahindi yametutupa.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo. Mahindi yana wiki mbili tatu za hatari, pale yanapotoa mbelewele na kuchanua. Maji yakikosekana hapo, basi, hata mvua ije kumwagika baadaye utavuna mabua tu. Uwele na mtama haviko hivyo. Mtama ukibanwa na jua hukunja majani, ukasimama palepale, na mvua ikirudi huendelea ulipoachia. Bibi alilijua hilo bila kusomeshwa na mtu.

Jumatatu, 10 Februari 2025: Ganze hadi Nairobi

Nilitoka nyumbani saa nane usiku kwa bodaboda mpaka Kilifi mjini, shilingi 600, kisha matatu ya Mombasa, 300. Karibu na Mtwapa gurudumu likapasuka. Tulikaa kando ya barabara dakika hamsini, dereva akimulikiwa na simu za abiria. Kijana mmoja aliyekuwa na pikipiki akaniuliza naelekea wapi. Nilipomwambia kituo cha treni cha Miritini, akanipeleka mpaka langoni. Alikataa kabisa pesa, akachukua zile ndizi mbili nilizokuwa nazo.

Kwa mwenye kusafiri: ile treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani ni ya saa mbili kamili, daraja la kawaida shilingi 1,500 mpaka Nairobi. Lipia mapema kwa simu na ubebe kitambulisho. Fika saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa mara mbili, na mbwa hupitishwa.

Tsavo ilikuwa imekauka, vumbi jekundu mpaka upeo wa macho. Kibwezi alipanda mama mmoja mtu mzima, akakaa karibu nami, na kabla treni haijashika kasi akafungua bakuli la plastiki. Ndani mlikuwa na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, uliochanganywa na mbaazi.

"Kula, mwanangu. Hizi ni nzuu za shambani kwangu."

Nzuu ndiyo mbaazi kwa Kikamba. Kwetu pwani mbaazi ni ya nazi, inaliwa na mahamri asubuhi. Hii ilikuwa na chumvi na kitunguu tu, tamu kweli. Nilimwuliza mahindi yake yakoje.

"Mahindi napanda mistari minne, ya watoto kuchoma. Shamba lililobaki ni ndengu, nzuu na mtama."

Ndengu zile, ambazo sisi twaziita pojo, hukomaa kwa siku 60 hadi 90. Mvua fupi huzitosha. Mbaazi nayo huzamisha mzizi chini sana, ikabaki kijani wakati jirani zake wameshageuka kuni, na inarudishia udongo naitrojeni. Mama alianza kupanda hivyo baada ya msimu wa tatu kumkauka. Mwaka 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution waliupima ukame huo, wakakuta kwamba joto lililoletwa na binadamu liliuongezea uwezekano wa kutokea angalau mara 100. Nilimweleza hivyo. Akanyamaza, akatazama nje, halafu akasema, "Kwa hiyo ukame utarudi." Nikamjibu naam, utarudi. Akaniongeza muthokoi.

Alinipa pia alichonipa hasa siku ile: jina la mtaa. "Nenda Nyamakima. Nafaka zote za Kenya hulala pale."

Nililala gesti ya Ngara, 1,700 kwa usiku pamoja na chai. Maji ya moto asubuhi tu.

Jumanne, 11 Februari: Nyamakima

Kutoka Ngara ni mwendo wa miguu. Mabegi yashike mbele ya kifua, mikokoteni ipishe, na usitoe simu ovyo.

Nyamakima maduka yamefungua vinywa vya magunia barabarani: maharagwe ya rangi zote, njugu, ndengu, wimbi. Wauzaji huchovya mkebe, wakazimimina punje taratibu ili uone hazina vumbi. Kilo ya mtama mweupe niliambiwa 90, ya wimbi 200. Wimbi jingi, walisema, linatoka Uganda na Tanzania, maana wakulima wa kwetu hawalitoshelezi soko. Nairobi wanalitaka kwa uji wa watoto na wenye kisukari, nao wana haki: gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu, na mahindi hayakaribii hapo.

Lakini uwele! Kila niliyemwuliza uwele aliniangalia kama niliyetaja ugonjwa. "Uwele? Hiyo ni nini, madam?" Duka la nne, la tano, la sita. Niliueleza kwa mikono: suke kama kidole kirefu, kama mkia wa paka, punje ndogo za kijivu. Kwenye duka la saba mzee aliyekuwa amekaa juu ya gunia tupu akacheka, akainuka, akaniita ndani. Akafungua gunia la nyuma kabisa, akachota kiganja, akanimiminia mkononi.

Ndio wenyewe. Punje za kijivu-kijani, zimechongoka upande mmoja, baridi, zinateleza kama mchanga wa pwani. Miaka ishirini na saba sijaushika.

"Huu ni mwere," mzee akasema. "Unatoka Tharaka. Ungeniambia mwere tungemalizana zamani."

Alinikalisha, akaniagizia chai, akanieleza jambo ambalo naliona ndilo lililonipeleka Nairobi bila mimi kujua. Kwao Wakikuyu, misimu ya mvua imeitwa kwa mazao. Masika ni mvua ya njahi, vuli ni mvua ya mwere. Njahi ni zile maharagwe nyeusi zenye mstari mweupe, fiwi kwa Kiswahili cha kwetu, chakula cha mama aliyejifungua. Hata mlima wa Kilimambogo, unaoonekana Nairobi siku hewa ikiwa safi, jina lake la Kikuyu ni mlima wa njahi.

"Na mwere, mzee, mnaupanda bado?"

"Mimi sijauona shambani kwetu tangu nikiwa kijana. Mvua yake ndiyo tunaitaja kila mwaka."

Niliandika maneno hayo hapohapo, juu ya karatasi ya risiti. Nilinunua kilo mbili za mwere kwa 160 kila kilo, na nusu kilo ya mtama mweupe. Akanionya, nami nawaonya wenzangu: hiyo ni nafaka ya kula. Haijathibitishwa kuwa mbegu. Inaweza kuwa mchanganyiko, inaweza kuwa ya miaka mitatu, inaweza kuwa imekufa.

Baadaye nilipita duka moja la pembejeo mjini kuuliza mbegu iliyothibitishwa. Rafu nzima ilikuwa mahindi, pakiti za picha nzuri. Uwele hapakuwa. Kijana wa kaunta aliniuliza kwa nini nataka chakula cha ndege. Niliumia, siwezi kuficha. Kilichomlisha bibi na watoto wake tisa kinaitwa chakula cha ndege, na dukani hapana hata pakiti moja.

Jumatano, 12 Februari: Kangemi na Muguga

Matatu za Kikuyu na Limuru zinapita Waiyaki Way, 100 asubuhi. Nilishuka Kangemi kwanza kwa sababu nilitaka kuona mboga.

Akina mama wa Kangemi huchambua mboga huku wakiita, mikono haisimami: "Kasitoma, managu hapa! Sagaa! Kunde! Terere!" Nikawa natafsiri kichwani. Managu ni mnavu. Sagaa ni mgagani. Terere ni mchicha. Nduma zilizorundikwa pembeni ni majimbi yale yale ya kwetu. Mnavu wao ni wa majani mapana, mti unafika kifuani. Ule wetu mdogo wa matunda ya rangi ya chungwa hawauthamini sana. Fungu la managu lilikuwa 50, la sukuma wiki 20. Mboga iliyokuwa inaitwa ya maskini imeipita sukuma kwa bei. Jambo hilo lina watu nyuma yake: wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kule Juja, aliyezitafiti mboga hizi kwa miaka mingi wakati wengine waliziona magugu.

Nilikula kibandani: ugali wa mtama na wimbi, managu yaliyolazwa na maziwa, 180. Uchungu umeondoka, umebaki kwa mbali tu, kama kumbukumbu ya uchungu. Mama mpishi alisema siri ni kuyapika leo na kuyala kesho.

Mbele ya Kangemi, pale Uthiru, utaona njia ya ILRI, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo. Huko ndiko ilikoongozwa kazi ya kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote, ya fiwi, njahi hizo hizo za mzee, iliyochapishwa 2023. Nilipitiliza, lakini nilifurahi kwamba maharagwe yaliyotajwa na mlima yamepata nayo wasomaji wake.

Muguga kuna Hazina ya Vinasaba ya Taifa, iliyoanzishwa 1988, sasa iko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Usiende bila kuandika barua. Mimi niliandika mapema. Mtaalamu aliyenipokea alinipa koti zito, nikadhani ni heshima tu. Ndani ya ghala ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Pakiti za karatasi ya alumini zimepangwa rafu kwa rafu, kila moja na namba yake, makumi ya maelfu: mtama, wimbi, uwele, kunde, mboga. Nakala nyingine za mbegu za Kenya zimehifadhiwa kwenye ghala la Svalbard, Norway, lililofunguliwa 2008.

Nilikaa mle dakika nne, vidole vikafa ganzi. Nilikuwa natazama rafu moja tu, nikiwaza bibi aliyahifadhi haya kwa kibuyu na jivu.

Mtaalamu alinieleza kwa upole kwamba hazina si duka. Mtu akipewa sampuli ni gramu chache, na kuzizalisha mpaka zijae shamba ni kazi ya misimu. Akanieleza pia ukubwa wa pengo: binadamu hulima aina kama 6,000 za mimea kwa chakula, lakini kwa hesabu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mazao tisa tu ndiyo theluthi mbili ya mavuno yote ya dunia. Nikakumbuka virusi vya mahindi vilivyoonekana Bomet 2011, na viwavijeshi vamizi vilivyoingia 2017. Ukiweka chakula chote kwenye mmea mmoja, kila adui wake ni adui wako.

Kabla sijaondoka akanifundisha jinsi ya kuzijaribu mbegu zangu za Nyamakima. Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri. Zipange kwenye kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke penye joto, kisikauke. Zikichipua zaidi ya 80, panda. Zikiwa chini ya 50, pika uji. Za katikati, zidisha punje kwenye kila shimo.

Usiku huo gesti nilihesabu punje 100 za uwele na 100 za mtama chini ya taa hafifu. Mhudumu aliniletea taulo mbili chakavu. Nilipomweleza ninachofanya alikaa akanisaidia kuhesabu, na mara mbili alinigundua nimekosea.

Alhamisi, 13 Februari: Kibera

Siku hii naiandika kwa urefu, maana sijaona mkulima hodari kama mama niliyempata Kibera. Shamba lake ni magunia sita mbele ya mlango.

Kila gunia ni la kilo 90. Katikati kuna nguzo ya mawe: huchukua mkebe usio na kitako, akaujaza kokoto, akazungushia udongo na samadi, akauvuta mkebe juu na kuanza tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya kokoto isimame ndani kama uti wa mgongo. Maji humiminwa kwenye kokoto, yakashuka na kusambaa pande zote. Ubavuni ametoboa matundu, na kila tundu lina mche. Juu sagaa, kandokando kunde na managu. Yeye anatoka upande wa Siaya, kwa hiyo sagaa ni dek, na managu ni osuga.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalimchukulia magunia yote. "Mbegu hazikwenda," akasema, akapanda juu ya stuli na kutoa chupa ya soda iliyokuwa imeviringwa gazeti, imefichwa kwenye pengo la mabati na boriti. Ndani mlikuwa na jivu na punje nyeusi ndogo.

Ilibidi nimwungamie. Mwaka jana niliotesha mgagani kwa mbegu nilizozichuma siku hiyohiyo, matuta matatu, na haikuchipua hata moja. Nililaumu jua, nikalaumu mchwa, hata mbuzi wa jirani nikawalaumu.

"Ulipanda ikiwa macho," akasema. "Dek lazima ilale kwanza. Miezi mitatu, minne, hata sita. Ikiamka yenyewe, ndiyo upande."

Akakata ganda moja kavu, refu kama kiberiti mara mbili, akalisugua kwa kidole gumba. Likapasuka kama uzi na mbegu zikamwagika, nyeusi, zimekunjamana kama konokono wadogo mno. Aliniambia nisiache kila mmea uchanue, maana ukichanua majani hupungua. Huwa anayachuma maua yote isipokuwa ya mashina matatu yaliyo bora, hayo anayaacha ya mbegu. Kila mwaka hulilazimisha shina bora kuzaa kizazi kijacho. Wenye shahada huliita jambo hilo uzalishaji teule. Yeye alifundishwa na mama mkwe.

Aliniwekea kijiko kimoja cha mbegu kwenye karatasi, akaandika tarehe ya kuvunwa: Novemba. Nikamwuliza bei, akakasirika kidogo. "Mbegu ya dek haiuzwi kwa mgeni. Ikikuotea, mpe mwingine."

Ukitaka kutembelea bustani za magunia, tafuta mwenyeji akupeleke, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na ununue mboga.

Ijumaa, 14 Februari

Mvua ndogo na foleni. Nilikwenda makumbusho ya taifa, Museum Hill. Kazi ya kurudisha vyakula vya asili vya Kenya, ambayo makumbusho hayo yalishiriki, ilitambuliwa na UNESCO 2021. Jioni nilikaa kitandani kuandika.

Niliandika pia upande mgumu, kwa sababu sitaki mtu aniambie nilimdanganya. Uwele na mtama huliwa na ndege. Kwelea wakishuka kundi zima, suke linabaki ganda. Wimbi hupaliliwa kwa mkono na kiuno ndicho kinacholipa. Kwetu uwele haukuondoka kwa ukame. Nimehesabu miaka nikaona. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, watoto wote wakaenda shule, na namshukuru Mungu kwa hilo. Waliokuwa bado na uwele wakakosa wa kukaa dunguni, wakauacha. Mahindi yana maganda, hayahitaji mtoto. Mradi wowote utakaoniletea mbegu bila kuniuliza nani atawinga ndege, hautadumu kwetu.

Jumamosi, 15 Februari: kuhesabu na kurudi

Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua taulo, na mhudumu alikuwa mlangoni kabla sijamwita. Za uwele zilikuwa zimetoa vijizizi vyeupe, vimeshikana na nyuzi za taulo. Tulizitenga moja moja kwa kijiti cha meno. Themanini na tatu. Za mtama, arobaini na moja. Mtama nilimwachia yeye, apike uji.

Treni ya saa tisa mchana, nikalala njia nzima.

Kwa wasomaji wa Tanzania: msivuke mpaka na mbegu mfukoni. Zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na magonjwa ya mimea husafiri kwenye punje.

Nyumbani

Shangazi ana miaka sabini na moja, ndiye binti wa bibi aliyebaki. Nilimwagia uwele kwenye ungo bila kumwambia chochote. Akaupepeta mara mbili, akaunusa, akatia punje mdomoni, akatafuna.

"Una ndevu?"

Uwele wa bibi ulikuwa na ndevu ngumu kwenye suke, ndege wakiuogopa. Nilisema sijui, nilinunua umeshapurwa. Mzee wa Nyamakima naye hakujua. Utakapotoa masuke ndipo tutakapojua, na tukiupanda masika yakianza, itakuwa Juni.

Ameugawa mafungu mawili. Moja la kupanda. La pili amelichanganya na jivu la jikoni, akalitia kibuyuni, akaziba kwa gunzi, akakiweka juu ya uchaga. Mbegu za mgagani za Kibera nimeziweka kando yake na karatasi yake ya tarehe.

Kisha nikamwuliza lile la ndege, maana Juni watoto wako shule.

"Nitakaa mimi," akasema. "Wewe nijengee dungu lisilo na ngazi ndefu."

Jumamosi tunakwenda kukata miti.